Dawa ya kulegeza misuli: mshipani au msulini, na sekunde unaanza kuzihesabu lini

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ikiwa imekaza, nilimpa mgonjwa suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli ili mpira wa kupumulia uingie kooni, kupitia kanula (kijisindano cha plastiki kinachoachwa mshipani) ndogo iliyokuwa nyuma ya kiganja. Nikahesabu sekunde 45, nikashika laringoskopu, kifaa cha kuangalia kooni. Taya halikufunguka. Dawa ilikuwa bado njiani mkononi: mshipa umesinyaa kwa baridi, dripu inadondoka tone moja moja, nami sikuisukuma. Alinusurika kwa sababu tulikuwa tumempa oksijeni ya kutosha kabla. Tangu siku hiyo kila kijana anayekuja kujifunza usingizi kwangu namwanzisha na jambo hili: usihesabu tangu dawa inapotoka kwenye bomba, hesabu tangu inapoingia kwenye mzunguko wa damu.

Hatua ya 1: Jiandae kumpumulia

Dawa hizi hazimlazi mtu usingizi. Zinalegeza misuli yote, ya kupumua ikiwemo, kwa hiyo mgonjwa awe amelala kwanza. Ambu bagi (mfuko wa kumpumulia kwa mkono), barakoa inayomkaa vizuri usoni na mashine ya kufyonza viwe mkononi, na apate oksijeni dakika 3. Kama huna uhakika wa kumpumulia kwa barakoa, usichome.

Uliza pia kuhusu kuungua au kupooza kwa siku zilizopita, ugonjwa wa misuli, potasiamu iliyopanda, na ndugu aliyewahi kupandwa na joto kali chini ya usingizi. Ukipata mojawapo, suksamethoniamu iache.

Hatua ya 2: Mshipa ukiwepo, tumia mshipa

Suksamethoniamu miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo huanza kazi ndani ya sekunde 30 hadi 60 na kuisha baada ya dakika 5 hadi 10 hivi. Rokuroniamu miligramu 0.6 kwa kilo huhitaji sekunde 60 hadi 90. Ukiipandisha hadi 1.2 inakaribia kasi ya suksamethoniamu, ila mgonjwa atakaa amelegea muda mrefu. Vekuroniamu na atrakuriamu ni dakika 2 hadi 3. Hizi tatu za mwisho ni za mshipani tu.

Hatua ya 3: Isukume dawa

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Chagua mshipa mkubwa wa kwenye kiwiko ukiupata. Choma kwa haraka, fuatisha maji ya chumvi mililita 10 hadi 20 kwa mtu mzima, kisha inua mkono wake juu. Makete au Njombe mwezi Juni, mfunike na upashe mkono joto mapema. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi mpe muda zaidi, moyo wake unasukuma kidogo.

Kama umetumia thiopentoni, dawa ya kumlaza usingizi, safisha mpira wa dripu kwa maji ya chumvi kabla ya dawa inayofuata. Zikikutana ndani ya mpira zinaganda na kuziba njia wakati ule ule unaoihitaji.

Hatua ya 4: Mshipa ukikosekana

Mfano ni mtoto wa kilo 12 aliyebanwa koo, hewa haipiti, kanula imechomoka. Ita msaada, mpe oksijeni kwa mgandamizo wa barakoa, ondoa mate. Asipofunguka, choma suksamethoniamu msulini, begani au pajani, miligramu 4 kwa kilo: jumla 48. Kwa ampuli yenye miligramu 100 ndani ya mililita 2, hiyo ni karibu mililita 1. Mwandalie na atropini miligramu 0.02 kwa kilo ya kupandisha mapigo ya moyo, maana ya watoto hushuka haraka.

Kwa nini dozi iwe kubwa hivyo? Msulini dawa inanyonywa kidogo kidogo, na kimeng'enya kilichomo kwenye damu kinaivunja kila inapoingia. Tarajia dakika 2 hadi 4 kabla ya kulegea kikamilifu, ingawa koo mara nyingi huanza kuachia mapema kuliko hapo. Usisubiri kuona mtetemo wa misuli unaotangulia kulegea. Mtoto mdogo huenda asitetemeke kabisa. Sikiliza mfuko: siku zote mkono wako ndio utakaojua kwanza kwamba hewa imepita. Na mgonjwa aliye kwenye shoku, yaani mzunguko wa damu umeshuka sana, damu haifiki vizuri msulini, kwa hiyo usitegemee njia hii. Sindano ya ndani ya mfupa, chini ya goti, inakaribia kasi ya mshipa. Nayo isukume kwa maji ya chumvi.

Hatua ya 5: Baki na mgonjwa

Dawa ya msulini hukawia kuja na hukawia kuondoka, dakika 10 hadi 30. Andika saa uliyochoma na njia uliyotumia, endelea kumpumulia, na usimkabidhi wodini mpaka apumue mwenyewe kwa nguvu. Ampuli zilizobaki zirudishe kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwenye kanda yetu hili lina uzito wake: kwenye joto la Kyela, ampuli iliyosahaulika mezani hupoteza nguvu kidogo kidogo, na siku moja itamchelewesha mgonjwa mwingine hata ukichoma mshipani.