SOMO: Shema ya kitandani, sala ya Wayahudi kabla ya kulala

Haya wadau, nilikaa Haifa, Israeli, namuuguza bibi mmoja wa Kiyahudi, kila usiku namsikia anasali, mengine nimesoma kwenye siduri, kitabu chao cha sala, kwa hiyo twende.

Hatua ya 1. Msamaha kwanza. Kabla ya yote unatamka kwamba umemsamehe kila aliyekuudhi, awe amegusa mwili wako, mali au heshima yako, kwa kusudi au bahati mbaya, na asiadhibiwe mtu kwa ajili yako. Bibi akifika hapa alikuwa anakwama, midomo imetulia, dole gumba liko kwenye mstari, anashusha pumzi ndo anaendelea. Kuna jina lilikuwa halimezeki nadhani haha.

Hatua ya 2. Baraka ya Hamapil, ya kumshukuru Mungu anayeleta usingizi machoni. Wengine wanaiweka mwisho kabisa.

Hatua ya 3. Shema yenyewe, yaani "Sikia, Ee Israeli", Kumbukumbu la Torati 6:4-9. Mstari wa kwanza mkono wa kulia unafunika macho.

Hatua ya 4. Zaburi ya 91, ya 3, Mwanzo 48:16, halafu unataja malaika: Mikaeli kulia, Gabrieli kushoto, Urieli mbele, Rafaeli nyuma, na juu ya kichwa uwepo wa Mungu mwenyewe. Mara tatu. Mimi hapo ndo nilikuwa napapenda, yani mtu amezungukwa kila upande.

MASWALI

– Dada, siku umechoka hoi ni lazima yote hayo?
Hapana, msingi ni Shema na Hamapil. Hata usiku wa kwanza wa Pasaka ya Kiyahudi wengi wanaishia hizo mbili tu, maana Kutoka 12:42 inauita usiku wa kulindwa, ulinzi ushapewa.

– Mbona kama wanaagana na dunia?
Umelenga. Talmud, kitabu cha mafundisho ya marabi (walimu wao wa dini), inasema usingizi ni sehemu moja ya 60 ya kifo, ndo maana wanasema pia "mikononi mwako naiweka roho yangu", Zaburi ya 31. Asubuhi akifumbua macho tu ni Modeh Ani, asante umenirudishia roho, kisha ananawa mikono.

– Ukishamaliza Hamapil unaruhusiwa kuchati kidogo?
Weee! Wengi hawaongei tena mpaka usingizi uje, ingawa kukiwa na dharura marabi wengi wanaruhusu. Bibi yangu akitaka dirisha lifungwe alikuwa ananyoosha kidole tu, nisipoelewa anakigongesha kwenye kitanda, ko ko ko, mpaka nielewe.