Jiko la Gesi Linalorudia Ubovu Uleule: Somo la Kutafuta Chanzo

Jiko la gesi likisumbua hapa Mombasa, kawaida huitwa fundi wa mtaa, naye hufungua kichomeo, hukisugua kwa brashi ya waya, hulipwa na kwenda zake. Siku chache baadaye moto unarudi kuwa mwekundu, au jiko linazimika lenyewe na wali haujakauka. Mara nyingi fundi hakufanya kazi mbaya. Alisafisha mahali pasipo na ubovu. Somo hili linamsaidia mwenye jiko kujua ubovu uko wapi kabla ya kununua kifaa au kumwita mtu, na msingi wake ni mmoja: ifuate gesi kutoka mtungini mpaka motoni.

Kabla ya yote, uvujaji

Gesi ya mitungi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani, bali hutambaa sakafuni na kutuama chini ya kabati, chini ya meza na hata kwenye mfereji wa maji machafu. Kwa asili haina harufu; ile harufu kali tunayoijua hutiwa makusudi ili tuitambue. Ukiisikia, zima moto wowote unaowaka, funga rigyuleta (kile kifaa kilicho juu ya mtungi cha kufungulia na kufungia gesi), fungua milango na madirisha, watoe watu nje, wala usiguse swichi yoyote ya umeme. Nalisisitiza hili kwa sababu ya joto la mji wetu: mkono wa mtu hukimbilia feni ili harufu itoke upesi, na cheche ndogo iliyo ndani ya swichi ya feni yatosha kuiwasha gesi iliyojaa chumbani. Kuzima taa iliyokuwa ikiwaka kuna hatari iyo hiyo.

Kupima uvujaji ni kazi rahisi. Koroga sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo mpaka itoe povu, kisha, rigyuleta ikiwa imefunguliwa na swichi zote za jiko zimefungwa, lipake povu hilo kwenye shingo ya mtungi, kwenye rigyuleta, kwenye ncha zote mbili za mpira unaopeleka gesi kwenye jiko na katika urefu wote wa mpira wenyewe. Panapovuja, vipovu vitafura na kuendelea kukua. Kiberiti kisitumike kupimia hata mara moja. Katika nyumba za Mji wa Kale na Majengo, ambako jikoni huwa pembamba na jiko limesukumwa ukutani, kagua zaidi sehemu ya mpira iliyo nyuma ya jiko, kwani panya huutafuna pale usipoonekana.

Hatua ya kwanza: maswali mawili

Washa vichomeo kimoja baada ya kingine, uvitazame. Je, ubovu uko kwenye vyote au kwenye kimoja tu? Ukiwa kwenye vyote, mara nyingi chanzo kiko kabla gesi haijagawanyika, yaani kwenye mtungi, rigyuleta au mpira, na kusugua vichomeo hakutasaidia kitu. Ukiwa kwenye kimoja, mtungi na rigyuleta hazina kosa. Tafuta kwenye kichomeo hicho pekee.

Swali la pili: jiko huzimika mara tu unapoiachia swichi, au baada ya kuwaka kwa muda? La mara moja hutokana na kifaa cha usalama nitakachokieleza mbele. La baada ya muda hutokana na upepo, gesi inayokwisha, au hewa inayokosekana.

Hatua ya pili: mtungi, rigyuleta na mpira

Anza na uzito. Zile kilo 6 au 13 zinazotajwa dukani ni uzito wa gesi peke yake, na uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye mtungi wenyewe, aghalabu kwenye ukosi wa chuma ulio juu. Pima mtungi, toa uzito wa mtupu, na kinachobaki ndicho ulicho nacho. Nashauri ufanye hivyo siku ileile ya kununua, mbele ya muuzaji, kwa sababu mtungi uliojazwa pungufu na watu wasio na kibali hufanana kabisa na uliojazwa barabara, na mwenye nyumba huishia kulilaumu jiko kwamba linakula gesi.

Mtungi usilazwe wala kupinduliwa, hata gesi ikikaribia kwisha. Ndani yake gesi iko katika hali ya umajimaji, na kinachotakiwa kupita kwenye rigyuleta ni mvuke ulio juu. Ukiulaza, majimaji huingia kwenye mpira na moto huweza kuruka mkubwa kwa ghafla. Wala hakuna haja ya kuutia kwenye maji ya moto kwa dhana kwamba gesi imeganda. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na butani karibu na sifuri, kwa hivyo katika joto la Mombasa zote mbili hugeuka mvuke bila msaada wowote.

Rigyuleta huishusha presha ya mtungi, ambayo ni bari kadhaa, mpaka takriban milibari 30 ambazo jiko limeundiwa. Hewa yetu ya chumvi huidhuru sana: springi ya ndani hushika kutu, kitundu chake cha kupumulia huziba, na ndipo moto wa vichomeo vyote huanza kupanda na kushuka wenyewe. Rigyuleta ya namna hiyo haifunguliwi ikatengenezwa. Hubadilishwa, na mpya lazima ilingane na vali ya mtungi wako. Baadhi yake zina kinga inayofunga gesi inapotoka kwa kasi, kwa hivyo ifungue polepole, swichi za jiko zikiwa zimefungwa.

Mpira uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, usizidi mita moja na nusu, ubanwe kwa klipu ncha zote mbili. Mpira wa maji haufai kabisa, kwani gesi hii huuharibu kutoka ndani. Ukiukunja na kuona nyufa, badilisha siku hiyohiyo.

Hatua ya tatu: kichomeo

Hapa ndipo kwenye mambo mengi. Moto mzuri ni wa buluu, umetulia, kila ulimi una kiini kidogo kinachoonekana wazi. Moto wa manjano unaoacha masizi maana yake gesi haipati hewa ya kutosha, na hilo si suala la usafi wa sufuria tu. Gesi isiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuizuia kubeba oksijeni. Anayeumwa kichwa na kuona kizunguzungu kila apikapo, kisha akapata nafuu akitoka nje, aache kulitumia jiko hilo mpaka likaguliwe.

Lakini si kila rangi ya machungwa ni ubovu. Chumvi hutia rangi hiyo kwenye moto wowote, na kwa wanaoishi karibu na ufuo, hasa kusi inapovuma, vimulimuli vya machungwa huonekana kwenye jiko lililo zima kabisa. Vivyo hivyo maji ya chumvi yakifurika kutoka chunguni. Ili kutofautisha, weka sufuria safi yenye maji kwa dakika kumi, kisha itazame chini. Ikiwa na masizi, kuna ubovu. Ikiwa safi, ni chumvi.

Katika kusafisha, acha jiko lipoe, funga rigyuleta, vua kifuniko na kichwa cha kichomeo, uviloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni. Tui la nazi likifurika huziba matundu kuliko maji ya wali, kwa kuwa mafuta yake hukaukia ndani. Zibua tundu moja moja. Kausha kabisa kabla ya kurudisha, kisha hakikisha kifuniko kimekaa kwenye nafasi yake bila kuegemea upande.

Chini ya kichwa kuna nozeli, ile shaba ndogo yenye tundu jembamba mno. Tundu hilo limetobolewa kwa kipimo, na nawasihi wasomaji wasiliingize sindano ya cherehani, kwa sababu likipanuka hata kidogo gesi huzidi hewa na moto wa manjano unakuwa wa kudumu. Tumia unywele mmoja wa waya laini wa shaba, au ipulizie. Kagua pia njia ya hewa kando yake: buibui hupenda kutaga humo, na utando mmoja unatosha kuubadilisha moto.

Hatua ya nne: jiko linalozimika ukiiachia swichi

Majiko yenye kinga ya kuzimika yana kijiti cha chuma kando ya kichomeo, kiitwacho themokapuli. Kikipashwa na moto huzalisha umeme mdogo wa milivolti chache, na umeme huo hushikilia vali wazi; moto ukizimika, kijiti hupoa na gesi hujifunga. Kisugue ncha kwa msasa laini, hakikisha kimeguswa na moto, na unapowasha, ishikilie swichi sekunde kama kumi. Kikikataa bado, kibadilishwe. Mtu asikubali fundi akiondoe ili jiko liwake tu, kwa kuwa siku upepo utakapouzima moto, gesi itaendelea kumwagika.

Maswali ya wasomaji

*Likoni:* Assalaam aleikum mwalimu. Nimenunua jiko lililotumika, limetoka Uingereza. Vichomeo vyote vina moto mkubwa wa manjano na sufuria zimekuwa nyeusi. Rigyuleta ni mpya.

*Jibu:* Waaleikum salaam ndugu yangu. Huenda jiko lako limefungwa nozeli za gesi asilia, ile inayopita kwenye mabomba ya miji yao. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi ya maradufu kwa ujazo uleule, kwa hivyo huhitaji nozeli zenye tundu dogo zaidi. Usiliwashe tena mpaka zibadilishwe zote, pamoja na ya oveni.

*Mji wa Kale:* Shikamoo. Mtungi ukikaribia kwisha nasikia harufu, lakini povu halionyeshi kitu.

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Dawa ya harufu hubaki nyuma kwenye majimaji kuliko gesi yenyewe, kwa hivyo mwishoni harufu huwa kali. Hata hivyo, pima kwa povu kila mara, usilichukulie kuwa jambo la kawaida.

*Kisauni:* Oveni yangu huwaka vizuri mlango ukiwa wazi; nikiufunga, moto unalegea na kuzimika. Nimetandika karatasi ya foili chini ili isichafuke.

*Jibu:* Iondoe foili hiyo, dada. Imeziba matundu ya kuingizia hewa kwenye sakafu ya oveni. Angalia pia tundu la kutolea moshi lililo nyuma.

*Bamburi:* Tukipika pilau ya shughuli kwa sufuria kubwa, moto huwa mwekundu. Na sufuria ndogo hakuna tatizo.

*Jibu:* Sufuria hiyo imefunika kichomeo na hewa haipiti. Joto linalorudishwa chini pia huharibu swichi na mpira. Kwa shughuli tumieni jiko la chini lenye miguu, nje, mtungi ukiwa mbali na moto.

*Nyali:* Kaka yangu anaishi Nyahururu na ana jiko la gesi la kupashia chumba joto. Huzimika lenyewe usiku kila baada ya muda, na fundi amependekeza kukata kifaa fulani.

*Jibu:* Mwambie asikubali. Mengi ya majiko hayo yana kimoto kidogo kinachopima oksijeni: hewa ya chumba ikipungua oksijeni, kimoto hujitenga na themokapuli na gesi hufungwa. Kwanza afungue dirisha kidogo alitazame. Likiendelea kuwaka, chumba ndicho kilichokuwa kimefungwa mno, na kifaa kilikuwa kikimlinda. Likizimika hata dirisha likiwa wazi, kimoto hicho kimezibwa na vumbi. Fundi akisafishe au akibadilishe kizima, na kwa vyovyote kaka asilale jiko likiwaka.