Kwale wa Udzungwa: sikio kwanza, darubini baadaye

Ukitembea huku unaangaza vichakani, darubini mkononi, kwale huyu humwoni. Atakuwa amekusikia zamani na kutimua mbio. Nimepandisha wageni msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, Tanzania, kutokea kijiji cha Udekwa misimu kadhaa, na karibu wote waliomwona walikuwa wamekaa chini.

Koti la mvua la nailoni liache kambini. Kuna asubuhi nilimkalisha mzee mmoja mgeni pale nilipowaona kwale wanne jana yake. Wakaja kweli. Nikanyoosha mkono kumwonyesha, koti langu likalia kwaruu! Alichoona mzee ni majani yanayotikisika. Hakunisemesha mpaka tulipofika kambini, na hata hapo aliomba chumvi tu.

Toka alfajiri, panda mita 1,300 na zaidi, utafute miti mirefu yenye majani makavu tele chini, mahali unapoona hatua kumi mbele yako. Kagua siafu kabla ya kukaa, usiniulize nimejuaje. Kisha sikiliza. Ndege mdogo akipekua majani husikika cha! halafu kimya kirefu. Kwale hutembea kikundi, kila mmoja akitafuta wadudu na mbegu zake, kwa hiyo utasikia chakacha-chakacha kutoka pande mbili tatu, na sauti inasogea. Ikikukaribia, hapo ndipo unyanyue darubini, taratibu.

Mgongo ni wa kahawia, tumbo kijivu lenye madoa meusi, mdomo mwekundu. Ila mimi hutazama miguu: ya manjano, haina kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, kama ya kwale wa mashambani. Miguu hiyo ndiyo iliyomtoa mafichoni. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark waliokuwa kambini humu milimani waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya kitoweo, wakashangaa ni ya kuku gani. Mwaka 1994 akatangazwa kwa jina la kisayansi Xenoperdix udzungwensis. Jamaa zake wa karibu wako Asia, si hawa kwale wetu wa kawaida. Nje ya Udzungwa yuko milima ya Rubeho tu, na yule wa Rubeho baadhi ya wataalamu wanamhesabu spishi nyingine.

Mitego bado inamwandama, basi ukikuta tanzi njiani piga picha, kumbuka mahali, waambie askari wa hifadhi mkishuka.

Jioni hupanda miti kulala. Usimmulike tochi; kiumbe wa watu amechoka.

Wakikushtukia wakakimbia, usiwafukuze. Watakushinda mteremko, na kila hatua yako inawasogeza mbali zaidi. Kaa palepale nusu saa, mdomo umefunga. Kama hawakurudi, hama mgongo wa pili wa mlima, ukae tena.