Mzee Akiulizwa Hali, Asijibu "Sijambo"

Baba anaishi Dallas kwa kaka yangu, lakini mwenye kufuatilia makaratasi ni mimi, hapa Umoja, Nairobi. Miezi hii ya joto kule, saa tatu usiku kwetu ni saa saba mchana kwao, basi vyombo vikishaoshwa nakaa mezani na simu na daftari. Kama nawe una mzazi kule anayetaka kuhudumiwa nyumbani kwa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, soma hapa.

Aliyeenda kutembea kwa viza hayumo. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu aliyefika miaka 65, kama yeye wala mwenzi wake hawakufanya kazi kule, hungoja hadi akae miaka 5 mfululizo. Baba alipakia mizigo kwenye bohari zaidi ya miaka 10, kwa hiyo hiyo miaka 5 hatukuulizwa.

Daktari ndiye anayethibitisha mambo mawili: kwamba mgonjwa kutoka nyumbani ni taabu, mpaka ashikwe au awe na fremu ya kutembelea, na kwamba anahitaji muuguzi au fiziotherapia kwa vipindi. Wawe wameonana katika siku 90 kabla ya huduma kuanza, au 30 baadaye. Si lazima awe alilazwa. Kanisani na kwa kinyozi anaruhusiwa.

Tuliteleza hapa. Muuguzi alipofika mara ya kwanza, mzee, mtu wa adabu, alisimama kumpokea mgeni na kumwambia hana neno. Ikaandikwa: anasimama mwenyewe. Kwamba alikuwa ameegemea meza, na kwamba alihema dakika kumi baada ya kuketi, hakuna aliyeandika. Siku hizi tunafanya mazoezi kwa simu: salamu zikiisha, taja mguu. Ngazi ngapi zinakushinda? Nani anakuogesha? "Sasa unataka nijiombee ugonjwa?" akaniuliza. Nikamwambia, baba, huyo si mgeni, huyo ni karani.

Baadaye wakala, ile kampuni inayomtuma muuguzi, akataka kusimamisha huduma, eti mzee haonyeshi nafuu. Hiyo si kanuni. Tangu makubaliano ya kesi ya Jimmo, 2013, ambayo wagonjwa waliishtaki serikali juu ya Medicare, kumzuia mtu asidhoofike kunatosha, mradi kazi yenyewe inahitaji mtaalamu. Notisi ya kusitisha hutolewa angalau siku 2 kabla. Rufaa ya haraka ifike kabla ya adhuhuri ya siku inayotangulia mwisho wa huduma. Namba iko kwenye notisi. Ukiwapigia Medicare wewe mwenyewe, mzee awe kwenye laini na atoe ruhusa kwa kinywa chake, au awe ameshawapa ruhusa ya maandishi, la sivyo hawakuambii mambo yake.

Kwa Medicare ya kawaida, ile ya serikali yenyewe, si ya kupitia kampuni binafsi, muuguzi na fiziotherapia hulipii. Fremu na kitanda kwa kawaida unachangia asilimia 20. Kupika, kufua na kukaa na mzee kutwa hawatoi. Kaka alidhani ameletewa dada wa kazi.

Kila siku 60 daktari husaini upya. Tarehe ijayo nimeizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya buchari, pale juu ya friji.