C1 ya kanisani, C2 ya ukumbini: jinsi ninavyohifadhi setingi za kamera

Napiga picha za harusi Moshi na vijiji vya jirani, kwa Canon EOS 6D niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Jumamosi moja nilikuwa nje ya kanisa nawapiga wakwe kwenye jua kali, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/1000 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100. Mara vigelegele: bibi harusi huyo mlangoni, ameshikwa mkono na baba yake. Nikawatangulia ndani, nikaanza kuhangaika na vitufe gizani. Nilipoupata mwanga, baba alikuwa ameshamkabidhi binti. Picha ile haipo, na mpaka leo inaniuma.

Dawa yake ilikuwa juu ya kamera yenyewe. Kwenye kigurudumu cha modi kuna C1 na C2. Kila moja inakumbuka modi, shata, apacha (upana wa tundu la lenzi, unaoandikwa f/), ISO, waiti balansi (kurekebisha rangi kulingana na mwanga), namna ya kufokasi, na kama kamera inapiga moja moja, mfululizo au kimyakimya.

Usianze kwa kuweka kigurudumu kwenye C1. Kiweke kwenye Av (unachagua apacha, kamera inachagua shata) au M (unachagua zote mwenyewe), upange kila kitu kama utakavyopiga siku yenyewe, na upige picha za majaribio mahali penye mwanga unaofanana. Kanisani natumia Av, f/2.8, ISO ijichague yenyewe isivuke 6400, shata isishuke chini ya 1/125, na mlio wa kimya. Giza likizidi hapo, kamera itashusha shata yenyewe, kwa hiyo ichunguze namba hiyo. Flashi situmii wakati wa ibada. Ukumbini ni M, 1/100, f/4, ISO 1600, flashi nikiielekeza darini; taa za DJ zinabaki na rangi zake na nyuso zinaonekana.

Ukiridhika, fungua menyu, nenda kurasa za njano zenye alama ya spana, ukurasa wa nne, "Custom shooting mode". Chagua "Register settings", kisha C1, kisha OK. Rudia kwa C2. Kuziita ni kubonyeza kitufe cha katikati ya kigurudumu na kuzungusha tu. Kidole kinazoea bila jicho.

Sasa niwashike mkono kwenye "Auto update set.", iliyo ndani ya menyu hiyohiyo. Ukiiwasha, kila unachobadilisha ukiwa C1 kinaandikwa juu ya ulichohifadhi. Niliwahi kuiacha imewashwa, nikapandisha kiwango cha chini cha shata kwa ajili ya watoto waliokuwa wanakimbia uwanjani, na Jumamosi iliyofuata C1 yangu ikawa siyo ya kanisani tena. Mimi naizima. Ila ujue gharama yake: ukibadilisha kitu kwa muda, kamera ikizimwa au ikilala yenyewe, inarudi kwenye ulichohifadhi. Katikati ya ibada hilo linaweza kukushtua, hivyo ongeza muda ambao kamera inakaa macho kabla ya kulala.

Kagua pia ubora wa picha kabla ya kuhifadhi, kwa sababu nao unaingia. Nilishahifadhi nikiwa kwenye JPEG ndogo niliyokuwa natumia kutuma WhatsApp. Harusi nzima ya asubuhi ikatoka ndogo, haikufaa albamu kubwa. Tangu hapo naanza na RAW (faili ghafi lenye taarifa zote za picha), ndipo naendelea na mengine. Na swichi ya lenzi ya kufokasi kwa mkono haihifadhiwi, wala ulichokiweka nyuma ya flashi. Hivyo unavikagua kwa macho kila mara.

Wenye Nikon kama D7000 au D750, kwenu ni U1 na U2: menyu ya spana, "Save user settings", chagua U1, hifadhi. D500 na D850 hazina U. Zina benki (seti za setingi) A hadi D, na benki inabadilika kila unapogusa kitu, kwa hiyo haikurudishi ulikoanzia.

Kijana ninayemfundisha kazi huniuliza kwa nini naandika namba hizi zote kwenye daftari ilhali kamera inazikumbuka. Kamera hii iliwahi kwenda kwa fundi Ijumaa ikarudi jioni, C1 na C2 tupu. Nikafungua daftari, na kabla chai haijapoa zote mbili zilikuwa zimerudi.