Mfalme na vitunda: jinsi ya kumalizia sataranji bila kutupa ushindi

Mpwa wangu alirudi Kisumu kutoka mashindano ya Nakuru akiwa na karatasi ya mchezo iliyokunjwa mara nne mfukoni. "Mjomba, nilikuwa na kitunda cha ziada na bado tukatoka sare." Kitunda ni ile kete ndogo ambayo wengi wetu huiita pawni, na kikifika mwisho wa ubao hugeuka malkia. Tulikaa na hiyo karatasi mpaka ugali ukapoa. Niliyomwonyesha ndiyo haya.

1. Tafuta ubao wa kushika kwa mkono

Simu weka mbali kwanza. Kwenye kioo kidole kinakimbia kuliko akili. Kama huna kete, vizibo vya soda vinatosha. Watu hucheza drafti navyo miaka nenda miaka rudi.

2. Chora sanduku

Kitunda kikikimbia peke yake, usihesabu "mimi hapa, yeye pale". Anzia kilipo, hesabu miraba hadi mwisho wa ubao, kisha uchukue idadi hiyo hiyo kuelekea upande aliko mfalme wa adui. Kitunda cheupe kikiwa a4 (herufi ni safu, a hadi h kutoka kushoto kwa mweupe; namba ni mstari, 1 hadi 8 kutoka upande wake), sanduku lina pembe za a4, a8, e8 na e4. Mfalme mweusi akiweza kuingia humo kwa zamu yake, atakikamata. Kitunda ambacho hakijasogea kihesabu kama kiko mstari wa tatu, maana kinaweza kuruka miwili.

3. Mfalme mbele, kitunda nyuma

Hapa ndipo mpwa wangu alipoangukia. Weka mfalme mweupe e4, kitunda chake e2, mfalme mweusi e6, zamu ya mweupe. Wafalme wanatazamana na mraba mmoja uko katikati yao, na anayelazimika kusogea ndiye anayeachia njia. Mweupe anasogeza kitunda e3, basi, zamu inahamia kwa mweusi. Akienda d6, wewe ingia f5. Akienda f6, ingia d5. Umeshinda.

Sasa weka kila kitu vilevile, ila kitunda kiwe kimeshafika e3. Zamu ni ya mweupe na hana cha kusogeza ila mfalme. Sare. Kijana alikuwa amekisukuma e3 mapema "ili kisogee tu", na nusu pointi ikaenda na hatua hiyo moja. Ndiyo maana namwambia kitunda kikae nyumbani hadi mfalme afike mbele.

Cha kulenga ni miraba mitatu iliyo mistari miwili mbele ya kitunda. Kikiwa e4, ni d6, e6 na f6. Mfalme wako akikanyaga mmoja wapo, zamu ni ya nani haijalishi tena. Kitunda cha pembeni, safu ya a au h, hakifuati hesabu hii: adui akiwahi kona, ni sare.

4. Pembetatu

Hii ilinila jioni nzima, na stima zilikuwa zimepotea, nikiangaza vizibo kwa tochi ya simu. Panga hivi: mweupe ana mfalme d5, vitunda a5 na c6. Mweusi ana mfalme c8, kitunda a6. Zamu ya mweupe.

Nilijaribu mfalme d6. Mweusi d8. Nikasukuma c7 kwa cheki, yaani kumtishia mfalme, akaenda c8, nami nikaenda c6 kukilinda. Mweusi hana pa kwenda, na hayuko kwenye cheki: mkwamo, sare. Nikajaribu mfalme c5, naye akaja c7 akanitazama usoni. Nikarudia hayo mawili, nadhani, mara ishirini.

Kumbe nafasi ile ile ingekuwa zamu ya mweusi, angekuwa amekwisha. Kwa hiyo kazi si kusonga mbele, ni kumpokeza zamu. Unarudi nyuma: mfalme c4, mweusi d8, mfalme d4, mweusi c8, mfalme d5. Umetumia hatua tatu kurudi pale ulipokuwa, yeye ametumia mbili. Sasa zamu ni yake. Akienda c7, wewe c5, kisha b6 na kitunda cha a6 ni chako. Akienda d8 au b8, wewe d6, anarudi c8, unasukuma c7, analazimika b7, wewe d7, na malkia anakuja.

Mweusi hawezi kukuiga, kwa sababu kutoka d8 hadi b8 lazima apite c8 au c7.

Lakini kuna mitego. Ukiwa c4 au d4 naye akija c7, achana na pembetatu, nenda c5 papo hapo. Pia ujanja huu unafanya kazi kwa sababu vitunda vya a vimezuiana. Mweusi akiwa na kitunda kingine kinachoweza kusogea popote, hata hatua moja, anakurudishia zamu na mzunguko wako umekuwa bure. Hesabu hatua hizo za akiba kabla hujarudi nyuma. Mimi huziandika kwenye karatasi.

5. Sasa washa mashine

Lichess, tovuti ya sataranji, ni bure, na ina hazina ya majibu kamili kwa nafasi zote za kete saba kushuka chini, wafalme wakihesabiwa. Andika jibu lako kwanza, ndipo uitazame. Ukianza nayo utajua hatua bila kujua sababu.

Ukitaka zoezi gumu, panga fumbo la bingwa wa sataranji Richard Réti la 1921: mweupe mfalme h8, kitunda c6, mweusi mfalme a6, kitunda h5. Mweupe anaanza na kupata sare, ingawa yuko nje ya sanduku kabisa. Dokezo: mfalme ashuke kwa mshazari.

Jana mpwa amenitumia picha ya vizibo juu ya kadibodi, anauliza kama kupitia d4 kwanza halafu c4 ni kosa. Si kosa, pembetatu ni ile ile.