Somo: kubadilisha busta la breki ya upepo mwenyewe bila kuumia

Wakuu salama, leo tuongelee busta la breki, yaani chombo cha upepo kinachosukuma breki, lile la springi lenye vyumba viwili, linalokaa ekseli za nyuma za kichwa na kwenye tela. Kuna wanaoliogopa na kuna wasioliogopa kabisa, na hao wa pili ndio wananitia wasiwasi, maana kile chumba cha nyuma kina springi iliyobanwa kwa nguvu inayokaribia tani moja, ikifyatuka inaua, na watu wamekufa kwa hilo. Kwa hiyo springi ifungwe kwanza, mengine yote yanafuata. Hapa naongelea breki za dramu, za diski zina mfungo tofauti.

Kwanza hakikisha busta ndilo bovu. Gari lisimame pa tambarare, weka vizuizi vya tairi mbele na nyuma, jaza upepo mpaka geji isome bar 7 au 8 halafu achia handbreki (hapo upepo unaingia chumba cha springi) usikilize. Ukivuja kwenye vitundu vya busta hapo hapo, mpira wa upande wa springi umepasuka. Ukivuja pale tu tanboi akikanyaga breki, ni mpira wa breki ya mguu. Na kuna ugonjwa wa tatu unaokula hela za watu: upepo unatokea kwenye tundu la rile valvu (valvu inayogawa upepo kwa mabusta), mnanunua valvu mpya, mnafunga, bado unavuja vilevile. Kumbe ni sili ya katikati ya busta imekufa, upepo wa springi unarudi kwa laini ya breki ya mguu. Ili ulijue ni lipi, handbreki ikiwa imeachiwa na mguu hauko kwenye breki, fungua hozi ya breki ya mguu busta moja baada ya jingine, linalopuliza mdomoni mwake ndilo hilo.

Sasa kazi. Upepo ukiwa bado umejaa na handbreki imeachiwa, toa kifuniko cha mpira nyuma ya busta, chukua ile bolti ndefu yenye kichwa kama T (mara nyingi imechomekwa ubavuni mwa busta lenyewe), ingiza, zungusha robo duara kulia, ivute uone imeshika kweli, ndio uweke nati na ukaze kwa spana ya mkono namba 19. Usitumie bunduki ya upepo ya kufungulia nati hapa. Bolti itatokeza nje kama milimita 60 hivi, ikitokeza kidogo tu ujue springi haijafungwa, usiendelee. Kama mpira wa springi umepasuka sana mpaka upepo haukai, unaweza kufunga kwa spana tu ila itakuwa nzito, nenda taratibu.

Hapo ndio vuta handbreki, fungua mitungi upepo wote uishe. Weka alama kwenye hozi mbili, usiamini kichwa chako. Ukizibadilisha, ukiachia handbreki ule upepo unaenda kukaza breki ya mguu na springi nayo inabaki imekaza, tairi halizunguki na mtahangaika siku nzima. Toa kota pini (kipini cha kuzuia pini kubwa isitoke) na pini ya sleki ajasta (ule mkono unaosukumwa na fimbo ya busta kuzungusha kemu shafti ya breki), fungua nati mbili namba 24, busta linatoka. Ni zito, usikae chini yake.

Busta jipya liwe namba ileile ya ukubwa, 30/30 kwa 30/30, 24/30 kwa 24/30, na urefu wa mwendo (umbali fimbo yake inaotoka) uwe sawa na la upande wa pili wa ekseli, vinginevyo gari litavuta upande. Fimbo ya jipya mara nyingi inakuja ndefu. Pima ya zamani, springi za mabusta yote mawili, la zamani na jipya, zikiwa zimefungwa, toka uso wa busta mpaka katikati ya pini, ndio ukate. Vitundu vya maji vya chini viachwe wazi, vya juu vizibwe. Kaza nati kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), nyingi ni Nm 180 hadi 210, kota pini iwe mpya.

Jaza upepo, achia handbreki, fungua ile bolti, irudishe mahali pake na kifuniko kirudi. Paka povu la sabuni kwenye viungo. Halafu mtu akanyage breki mpaka mwisho, upepo ukiwa psi 90 hadi 100, pima fimbo imetoka kiasi gani: busta namba 30 la mwendo wa kawaida isizidi milimita 51, la mwendo mrefu isizidi 64. Na ikikaza, fimbo na sleki ajasta viwe karibu nyuzi 90.

MASWALI

Swali: Fundi, nikiharibikiwa njiani usiku naweza kukunja hozi nikaifunga waya nikateremka mlima Kitonga?
Jibu: Hapana kaka. Kama ni mpira wa springi, funga springi kwa bolti, ziba laini ya springi, breki ya mguu ya tairi hilo bado ipo na unaweza kujikokota mpaka gereji ya karibu, handbreki tu ndio imepungua. Ila ukiziba laini ya breki ya mguu tairi hilo halina breki kabisa, na ukiwa na mzigo mteremko kama ule dramu zilizobaki zinachemka mapema. Subiri hapo busta liletwe.

Swali: Sleki ajasta zangu ni za automatiki, nizikaze kwa mkono kila wiki?
Jibu: Usizoee. Automatiki ikilegea kila mara ujue yenyewe imekufa, au bushi za kemu shafti zimelika, tafuta hapo. Za kukaza kwa mkono ndio unakaza mpaka bitana ya breki (brake lining) iguse dramu, halafu unarudisha robo mpaka nusu mzunguko.

Swali: Naweza kufungua ule mkanda wa chuma wa nyuma unaoshika chumba cha springi nibadilishe mpira tu? Busta zima bei imesimama.
Jibu: Mkanda wa mbele, wa chumba cha breki ya mguu, ndio, springi ikiwa imefungwa. Wa nyuma usiguse mdogo wangu, wala usiupige moto. Na la zamani usimpe wa chuma chakavu bila kumwambia ndani kuna springi hai, wengine wanakata na gesi.